Sahani ya Aliyechelewa

Mama yangu hajawahi kumwita mwanamke aliyezaa kwa jina lake mwenyewe. Kwetu Tanga huo ni utovu wa adabu: ukishapata mtoto, jina lako linawekwa kando na unaitwa kwa jina la mwanao wa kwanza mpaka unaingia kaburini. Kwa hiyo siku mgeni wetu kutoka Ukraine aliposhuka kwenye teksi mbele ya nyumba yetu, Woolwich, London, akiwa na begi moja na sufuria kuukuu aliyoikumbatia, mama hakuhangaika kujua yeye anaitwa nani. Aliniambia nimuulize mwanawe wa kwanza anaitwaje.

Nikauliza kwa Kiingereza. Mgeni akanitazama akidhani hakusikia vizuri, kisha akalitaja jina la kijana wake, mtoto wake pekee, aliyebaki kule na bunduki. Mama akalionja mdomoni, akalikata hapa, akaliongezea irabu pale, na lilipomkaa sawa akasema, "Karibu, Mama Fulani," isipokuwa yeye hakusema Fulani. Jina lenyewe silitaji hapa. Lina mwenyewe.

Tangu siku hiyo, jina la mtu ambaye hatukuwahi kumwona likawa linaitwa nyumbani kwetu kutwa nzima. Mama Fulani, chai tayari. Mama Fulani, umeiona miwani yangu? Mama Fulani, funga hilo dirisha, tutakufa kwa baridi.

Mimi ndiye niliyekuwa sitaki mgeni, na sioni haya kusema. Baba alikuwa amefariki, chumba kilikuwapo, na mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, jambo ambalo mama hulikumbuka kila anapokuta kikombe changu hakijaoshwa. Nafanya kazi ofisini Croydon, natoka alfajiri, narudi nimechoka. Niliona wanawake watatu kwenye jiko moja ni ugomvi unaosubiri siku yake tu.

"Na nguruwe je?" nilimuuliza mama. "Akitaka kupika nguruwe?"

"Mtu amekimbia mabomu, wewe unawaza nguruwe," alisema. "Ana macho. Ataona nyumba hii ni ya nani."

Watu wa council, yaani halmashauri iliyosimamia makazi ya wakimbizi, wakaja, wakakagua chumba, wakakijaribu king'ora cha moshi mpaka masikio yakatuuma, na mgeni akaletwa. Nguruwe hakupikwa, wala hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mabega mapana, nywele fupi alizozikata mwenyewe. Kazi yake kule ilikuwa kutunza makumbusho ya mji wao, chumba kimoja juu ya posta, na kuwatembeza wageni waliokuja kuvuta hewa ya milimani. Kutoka kazini alikuwa amechukua tabia moja: akisimulia, anatembea kinyumenyume, uso kwa wasikilizaji, kwa sababu kule alijua kila jiwe lilipo. Jikoni kwetu alianzia kwenye sinki akarudi nyuma hadi mlangoni, mikono ikituonyesha nyumba za kulia na za kushoto. Mama alikuwa akimwondolea stuli njiani.

Mji wenyewe ni mdogo, uko magharibi ya Ukraine kwenye milima ya Karpati, pale vijito viwili vinapokutana. Nilikuwa namtafsiria mama, na baada ya muda niliujua kuliko ninavyoijua Woolwich. Mwanzo wake ni chumvi. Visima vya pale vina maji ya chumvi. Watu waliyachemsha kwenye masufuria makubwa ya chuma, wakaifinyanga chumvi ikawa vibonge, wakavikausha motoni. Baada ya chumvi yakaja magogo, yaliyofungwa pamoja na kuteremshwa mtoni na wanaume waliosimama juu yake. Kisha mfalme mmoja wa mbali akaleta reli, na reli ikaleta wagonjwa wa kifua na matajiri. Kuzunguka uwanja wa soko Wayahudi walikuwa na maduka, Wapolandi walikuwa na ofisi na shule, na watu wake yeye, Waukraine wa mlimani, walishuka na jibini na kondoo. Kila mtu aliijua lugha ya mwenzake kiasi cha kununua na kutukana.

"Bibi yangu," alisema, "ametawaliwa na Vienna, Warsaw, Moscow, Berlin, kisha Moscow tena. Na hajawahi kuondoka mjini."

"Sisi tulipata Mjerumani na Mwingereza tu," mama akasema, "tukajiona ndio tumeonewa."

Alisimulia nyumba kwa nyumba. Nyumba ya pembeni, duka la kofia. Inayofuata, daktari wa meno. Inayofuata, mwalimu wa Kipolandi na piano yake. Kila nyumba mama aliuliza swali lile lile: "Na hawa walikwenda wapi?" Wayahudi, wakati wa utawala wa Wajerumani, walipandishwa hadi kwenye machimbo ya mawe juu ya mji, wakapigwa risasi huko. Wapolandi walipakiwa kwenye treni baada ya vita, wakapelekwa magharibi. Na katika kila kabila kulikuwa na waliopakiwa treni ya upande wa pili, ya Siberia. Mama alikuwa akiuliza, mgeni anajibu, mimi nafasiri, na nyumba zikawa zinazidi kuwa tupu jikoni mwetu.

"Kwa hiyo mji huo hauna mtu aliyebaki?" mama aliuliza siku moja.

"Tumebaki sisi," alisema. "Tunakaa kwenye nyumba zao."

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya fundi bati, Myahudi. Yeye, mkewe na watoto walipanda machimboni na wenzao. Nyumba ikakaa wazi mpaka bibi yake mgeni, ambaye kibanda chake mlimani kilikuwa kimechomwa moto, akapewa funguo na serikali mpya. Bibi aliingia kwa woga. Ukutani alikuta misumari ya kutundikia vyombo vya mwenyewe bado imepigiliwa, na maisha yake yote hakuing'oa wala hakutundika kitu.

Kwao, mkesha wa Krismasi ni karamu ya wafu pia. Familia inakula pamoja, na wafu wa nyumba wanaachiwa sahani iliyojaa mpaka asubuhi. Bibi aliongeza sahani moja ya fundi bati na familia yake. Chakula cha mkesha huo hakina nyama, hakina maziwa wala mafuta ya mnyama, kwa hiyo, bibi alisema, wenye nyumba wanaweza kula bila wasiwasi wa kuvunja sheria ya dini yao.

"Huyo bibi alikuwa mtu," mama alisema. Hiyo ni sifa ambayo mimi bado sijaipata.

Habari za kijana zilikuja majira ya majani kupukutika, mwaka wa pili tangu mgeni aje. Simu ililia akiwa anakwaruza bitiruti za supu, mikono yote myekundu, akaibonyeza kwa kiwiko. Aliyepiga alikuwa askari mwenzake na mwanawe. Kulikuwa na shambulio, wakarudi nyuma, na walipohesabiana hakuwepo. Hakuna aliyemwona akifa. Hajulikani alipo. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu, akamaliza kukwaruza. Supu ile tuliila wote na sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Jioni nilimvuta mama kando. "Sasa mama, lile jina tuliache. Unamtonesha kidonda."

"Nimwite nani?"

"Dada. Bibie. Chochote."

Mama akaniangalia kwa dharau. "Mtoto hajulikani alipo, na wewe unataka aondoke hata humu nyumbani?"

Asubuhi iliyofuata aliliita jina lile kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mgeni alishuka ngazi, akaketi, akanywa chai. Baadaye aliniambia kwamba jamaa zake wote, wakimpigia simu, walikuwa wameacha kumtaja mwanawe kwa kumhurumia, na kwamba yeye alikuwa anasikia wanamzika kidogo kidogo. "Mama yako peke yake ndiye anayemwita," alisema.

Mimi jina lile lilianza kunitisha. Sauti ya mama inatoka jikoni, inapanda ngazi, inamwita mtu, halafu nyumba inanyamaza. Zaidi ya mara moja niligeuka kuutazama mlango.

Kisha mwanamke wa chama cha watu wao hapa London akatuletea kifurushi. Ndani mlikuwa na vijiti vya pamba na mifuko midogo ya kuvitia. Kule kwao, alieleza, kuna maiti nyingi zisizo na majina. Mama wa aliyepotea anasugua kijiti ndani ya shavu, kinapelekwa maabara, kinalinganishwa na wale waliopatikana. Kama mwanawe yumo, atajulikana na atazikwa kwa jina lake. Kama hayumo, matumaini yapo. Mgeni alishukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akakiweka kile kifurushi juu ya kabati, nyuma ya unga. Majani yakaisha mitini, mvua zikaja, kifurushi kiko pale pale.

Nilikereka, siwezi kuficha. Huyu ndiye mtu aliyetumia maisha yake kutafuta majina ya watu wa machimboni. Mbele yetu alikuwa amewafokea wazee wa mji wake, waliokwisha kufa zamani, kwa kuwa hawakuweka hata jiwe moja la kumbukumbu pale juu. "Ni mate tu," nilimwambia. "Unataka alale huko bila jina, kama wao?"

Ndipo alipotuambia habari ya uwanja wa soko. Aliisimulia amesimama, hakupiga hata hatua moja.

Bibi alikuwa na mtoto wa kiume, kaka wa mama yake mgeni. Wajerumani walipoondoka na Moscow ikarudi, vijana wengi wa milimani waliingia msituni kupigana nayo, naye akaingia. Walipouawa, askari walizileta maiti mjini siku ya soko, wakazilaza uwanjani karibu na kisima, na watu wote wakapitishwa mbele yake. Askari hawakuwa na haja na maiti. Walikuwa wakiziangalia nyuso za wanawake. Mama aliyelia, aliyesita, aliyeushika mdomo wake, alipakiwa kwenye treni ya Siberia pamoja na watoto waliombakia.

Bibi alipita amemshika mkono binti yake mdogo. Mwanawe alikuwa karibu na mwisho wa mstari, hana viatu. Askari akamuuliza: unamjua huyu? Akasema, "Simjui." Akaenda akanunua mafuta ya taa aliyokuwa ameyafuata, akarudi kwa njia ile ile, kwa sababu kubadili njia kungewatia shaka. Zile maiti zilifukiwa nyuma ya majengo ya chumvi, na hakuna ajuaye ni wapi hasa.

"Kwetu," mgeni alisema, "mama hasemi, ndiyo, huyu ni wangu. Akisema, wanakuja." Akanyoosha kidole juu ya kabati. "Kijiti kile kinaniuliza swali la yule askari."

Alijua vizuri kwamba Woolwich hakuna treni ya Siberia. Historia aliijua kuliko sisi wote. Lakini hofu ile alizaliwa akaikuta, alinyonya nayo, na hakuna neno nililoweza kuiambia.

Baada ya hapo sikuweza tena kupita uwanja wa Woolwich kwa amani. Nikitoka stesheni jioni, sakafu ya mawe imelowa, wauza mboga wanafunga vibanda, na kando ya ukuta watu wasio na makazi wamejilaza ndani ya mifuko yao, miguu imenyooka. Zamani nilipita bila kuangalia. Sasa nilijikuta natazama uso mmoja mmoja, na kimoyomoyo nasema simjui, simjui, nikiongeza mwendo ili uso wangu usionekane. Nilifika nyumbani natetemeka, na mama akaniambia ninunue koti la maana.

Kanisa la kwao lilikuwa limeihamisha Krismasi kutoka Januari kwenda Desemba. Mgeni hakuhama. "Wafu hawajaambiwa," alisema, na hakuwa anatania. Kwa hiyo karamu yake iliangukia siku ya kazi ya Januari, miti ya Krismasi ya majirani tayari imetupwa kando ya mapipa ya taka. Nyasi kavu za kutandika chini ya kitambaa cha meza, kama desturi yao inavyotaka, tulizinunua duka la wanyama. Ni chakula cha sungura. Alipika tangu asubuhi: ngano iliyochemshwa ikatiwa asali na vijimbegu vyeusi, uyoga, kabichi, supu nyekundu, na vitu kama sambusa za kuchemshwa zilizojazwa viazi. Mama akakaanga samaki wa soko la Woolwich, maana hakubali sherehe isiyo na mkono wake.

Tulipokuwa tunazikunja zile sambusa, mama amekwenda kuswali, mgeni aliniambia jambo moja la nyumba yao. Aliyekufa hujaziwa sahani. Aliye hai lakini hayupo, sahani yake huwekwa tupu na kufudikizwa, imngoje mpaka arudi aigeuze mwenyewe. Bibi yake alimfudikizia yule mwana wa uwanjani maisha yake yote. Alishasema hamjui, angemjazia vipi? Mgeni alikua akiitazama sahani ile kila Krismasi, mgongo wake juu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. "Sasa yangu," alisema, "sijui niiwekeje." Nikifudikiza na kumbe amekufa, alisema, atakuja atakuta mama yake amemnyima chakula. Nikimjazia na kumbe yu hai, nimemuua kwa mkono wangu.

Kula kunaanza nyota ya kwanza ikionekana. Tulisimama dirishani. Mawingu matupu. Mwishowe kitu kikawaka juu ya mapaa, kikasogea, kikaanza kushuka kuelekea uwanja wa ndege.

"Hiyo," mgeni akasema. "Inatosha."

Aliweka sahani zetu tatu. Mwisho wa meza akaweka mbili nyingine, akazijaza: moja ya wafu wake, moja ya fundi bati na familia yake. Mama alinong'ona audhubillahi, lakini hakumzuia. Kisha mgeni akashika sahani ya mwisho, akakaa nayo mkononi muda mrefu, akaiweka upande wa dirisha, tupu, akaifudikiza. Akapuliza kila kiti, taratibu, asije mtu akaikalia roho iliyotangulia kuketi. Halafu akapanda juu kubadili nguo.

"Hii ya nani?" mama akauliza.

"Ya mwanawe." Nilikuwa kwenye jiko napakua supu, nimewapa mgongo.

"Mbona imefudikizwa?"

"Ndivyo wanavyofanya kwao, mama. Iache."

Kumwambia mama yangu aache ni kazi bure. Mwanamke wa kwetu hawezi kuona sahani ya mtoto wa mtu iko tupu mezani. Aliyechelewa kurudi huwekewa chakula. Hilo halifundishwi na mtu. Niligeuka na bakuli mkononi nikamkuta ameshaigeuza sahani, ameijaza samaki, ngano, uyoga, amechagua vipande vizuri, na sasa anatungua kawa ukutani, ule mfuniko wa ukindu aliokuja nao kutoka Tanga ambao mimi nilidhani ni pambo. Akaifunika sahani, akaisogeza karibu na hita ili chakula kisipoe.

Sikupata nafasi ya kusema neno. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa shati lake la tarizi.

Akaiendea meza. Akaunyanyua mfuniko, na mvuke ukampanda usoni. Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu namna ile. Akakaa chini pale pale, mgongo kwenye hita, akirudia neno moja la lugha yake ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Mama, umemuua!" nilisema. Nikamweleza yote mbio mbio, kwa hasira: iliyojaa ni ya maiti, ya aliye hai ndiyo hufudikizwa, na mwenyewe alikuwa ametaabika mchana kutwa kuamua.

Nilimtarajia aombe radhi. Alivuta kiti akakaa karibu na mgeni, magoti yakilalamika.

"Mwambie kwetu maiti hawekewi chakula," alisema. "Maiti anasomewa dua. Chakula anawekewa aliyechelewa."

Nikatafsiri. Mgeni akainua macho. "Na asipokuja?"

"Asubuhi mama yake anakila. Hakitupwi."

"Na kama ameshakufa?"

Hilo nilimfikishia mama kwa shida. Akawa anakunja na kukunjua vidole vyake. Maji yakagonga ndani ya bomba la hita, sote tukashtuka.

"Kama amekufa," alisema, "basi amekufa huku amewekewa."

Nililisema kwa Kiingereza. Mgeni alibaki pale sakafuni. Kisha, polepole, kwa Kiswahili cha jikoni alichokiokota kwa mama, akauliza, "Amechelewa?"

"Amechelewa tu," mama akasema.

Tukala. Wafu wa milimani upande ule wa meza, sahani iliyofunikwa dirishani, na sisi watatu tukijitahidi kumeza. Mimi siamini mizimu. Nimesoma, nina kazi, nalipa kodi. Lakini nilikula nimebana viwiko, kuwapa wengine nafasi, na nilipotaka chumvi niliomba kwa sauti ya chini.

Asubuhi nilimkuta mgeni mezani ameifunua ile sahani, anakula. Hakutaka kipashwe moto. Alikula kidogo kidogo mpaka miiba ya samaki ikabaki safi pembeni, machozi yanadondoka na hayafuti. Mama alisimama kwenye sinki, amempa mgongo ili asimtazame. Mgeni alipomaliza aliiosha sahani mwenyewe, akapanda juu ya stuli, akakishusha kifurushi.

Maelekezo yalisema mtu asiwe ametoka kula. Yeye ndiyo kwanza amemeza tonge la mwisho. Ikabidi asukutue, tukae tungoje. Nikapiga simu kazini nikasema nina dharura ya familia, wala sikuona kwamba nimedanganya.

Katika kungoja kule hakuusimulia mji. Alikaa kitini akatusimulia mwanawe: kwamba hapendi uyoga hata kidogo, na mama amemjazia uyoga, kwamba alivunjika jino harusini akifungua chupa, kwamba kila akirudi nyumbani huacha viatu katikati ya mlango na watu wote hujikwaa. Kwa hilo la viatu mama alicheka. "Na wangu hivyo hivyo," akasema, akinisonta kwa kidole.

Muda ulipotimia akakitoa kijiti. Akakipeleka mdomoni, kikagonga meno. Akajaribu tena. Akanitazama mimi, nami nikaangalia pembeni, sina ujasiri huo. Mama akakichukua. Akamshika kidevu kama alivyokuwa akitushika sisi utotoni kutunywesha dawa, akasema, "Fungua mdomo, Mama," na akamalizia na jina la kijana, lote, bila haraka.

Akafungua. Mama akasugua shavu moja, akasugua la pili. Mgeni alikuwa amefumba macho. Kijiti kilipotoka, alisema kitu kwa lugha yake, ameelekea mlangoni, kwa sauti ya mtu anayejibu swali. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema namjua," akajibu.

Jibu la maabara lilikuja joto lilipoanza kurudi. Kijana alikuwemo, miongoni mwa wale wasio na majina. Mgeni akaondoka kwa basi na treni kwenda kumzika katika mji wao, na mama akamfungia maandazi ya njiani mengi kuliko wanayoweza kula watu kumi. Nyumba ilinuka mafuta ya kukaangia siku nzima.

Siku chache baadaye simu ililia, Jumamosi mchana. Nikasikia watu wengi, viti vikiburutwa, mtu akiimba kwa mbali. Hakutaka kuongea na mimi. "Mama," alisema. Nikaiweka sauti ya nje, maana masikio ya mama yamechoka, nikampa.

"Mama," mgeni akasema kwa Kiswahili. "Amefika."

Mama yangu ana maneno kwa kila msiba na huyatoa bila kuombwa. Siku ile aliishika simu kwa mikono miwili tu.

"Basi usimwache peke yake usiku huu," alisema. "Kaa naye."

"Nakaa," sauti ikajibu.

Simu ilikatika na mama hakuiweka chini. Mimi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye hita, nikamlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona.